Ruta ya nyumbani Ngara na Biharamulo: Pima mawimbi kwanza, nunua baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kagera

Mhitimu wa Ngara anayetafuta kazi serikalini hutuma maombi kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwanafunzi wa Biharamulo anayehitaji mkopo wa elimu ya juu hujaza fomu ya Bodi ya Mikopo mtandaoni. Kikundi cha vijana kinachotaka zabuni ya halmashauri hujisajili katika mfumo wa NeST, na mfanyabiashara anayeomba leseni hupitia mfumo wa TAUSI. Nyingi kati ya huduma hizo zina tarehe ya mwisho, na mtandao ukikatika usiku wa siku hiyo, anayepoteza ni mwombaji.

Kwa sababu hiyo, ruta ya nyumbani imekuwa kifaa cha lazima kwa kaya nyingi zenye mwanafunzi, mtumishi au mfanyabiashara. Hata hivyo, ni ununuzi ambao ni rahisi kukosea. Ruta inayofanya kazi vizuri Bukoba mjini au Mwanza inaweza kushindwa katika kijiji kilicho nyuma ya kilima wilayani Ngara, na fedha zilizotokana na mauzo ya kahawa, ndizi au mahindi zikawa zimekwenda bure. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua ruta kwa kuanza na mawimbi yanayoifikia nyumba, kisha kifaa chenyewe, na mwisho kifurushi na usalama wake.

Ruta hugawa intaneti, haiizalishi

Ruta ni kifaa kinachopokea huduma ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma na kuigawa kwa simu, kompyuta na runinga zilizomo ndani ya nyumba. Kazi yake inafanana na ya koki yenye matawi mengi: inaweza kupeleka maji vyumba vyote, lakini haiwezi kutoa maji ambayo bomba kuu halikuleta. Nyumba inayofikiwa na mawimbi hafifu itaendelea kuwa na intaneti hafifu hata ikinunuliwa ruta yenye antena sita.

Vivyo hivyo, ruta haiwezi kurekebisha hitilafu iliyo nje ya nyumba. Tarehe 12 Mei, 2024, huduma ya intaneti ilidorora nchini baada ya nyaya za baharini za EASSy na SEACOM kupata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku hiyo, mwenye ruta ya bei kubwa na mwenye simu ya kawaida walikuwa katika hali moja. Ni vyema mwananchi akatenganisha mambo haya mawili kabla ya kutoa fedha: tatizo la huduma huhitaji mtoa huduma, na tatizo la kugawa huduma ndani ya nyumba ndilo linalohitaji ruta.

Pia si kila nyumba inahitaji ruta. Mtu anayeishi peke yake na kutumia intaneti kwa saa chache kwa siku anaweza kuwasha huduma ya kugawa intaneti iliyomo katika simu yake na kuunganisha kompyuta. Ruta huanza kuwa na faida pale watumiaji wanapokuwa wengi, matumizi yanapokuwa ya muda mrefu, au pale simu inapopata mawimbi hafifu ambayo antena kubwa zaidi inaweza kuyapokea.

Tambua njia inayofika mlangoni kwako

Zipo njia kuu tatu za intaneti ya nyumbani, na kila moja ina ruta yake.

Njia ya kwanza ni waya wa fiba. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), umeunganishwa na Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga, vituo ambavyo vyote vipo wilayani Ngara. Ukweli huo huwafanya baadhi ya wananchi waamini kwamba nyumba iliyo kando ya barabara kuu inaweza kuunganishwa mara moja. Mkongo ni njia kuu inayobeba mawasiliano ya miji na nchi; ili nyumba ipate huduma, ni lazima mtoa huduma awe amejenga mtandao wa usambazaji katika mtaa husika. Anayeishi Ngara mjini, Biharamulo mjini au katika vituo vya biashara kama Nyakanazi na Benaco anapaswa kuuliza kwanza katika ofisi ya mtoa huduma kama fiba imefika mtaani kwake. Ikiwa imefika, ruta hutolewa au huelekezwa na mtoa huduma mwenyewe, kwa sababu ni lazima ioane na mitambo yake. Usinunue ruta ya fiba dukani kabla ya kupata jibu hilo.

Njia ya pili, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na wakazi wengi wa vijijini, ni mtandao wa simu. Ruta ya aina hii huwekwa laini kama simu na kupokea mawimbi kutoka mnarani. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) imekuwa ikitoa ruzuku ili minara ifike maeneo ambayo kampuni zisingeyafuata kwa sababu za kibiashara. Mei 13, 2023 ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 za mikoa 26 ya Tanzania Bara. Mnara mpya unapowashwa, majibu ya swali la ruta hubadilika. Kampuni iliyokuwa dhaifu kijijini mwaka jana inaweza kuwa ndiyo yenye nguvu leo.

Njia ya tatu ni setilaiti. Huduma hii hufaa maeneo ambayo hayana mnara wala waya, lakini mtoa huduma wake ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kabla ya kununua dishi na ruta ya setilaiti, hasa kutoka nje ya nchi, thibitisha kwanza kwa Mamlaka kwamba huduma hiyo ina leseni hapa nchini.

Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu ruta ya laini, kwa kuwa ndiyo ambayo mnunuzi huachiwa uamuzi wote yeye mwenyewe.

Namna ya kupima mawimbi nyumbani

Ngara ni wilaya ya vilima na mabonde. Nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima, kilomita kadhaa kutoka mnarani, inaweza kupata mawimbi bora kuliko nyumba iliyo karibu na mnara huo lakini ikiwa bondeni, kwa sababu udongo na mwamba huyazuia mawimbi. Biharamulo kwa sehemu kubwa haina miinuko ya namna hiyo, lakini ina umbali. Vijiji vilivyo mbali na barabara ya Nyakanazi, Lusahunga na Biharamulo vinaweza kuwa mbali pia na mnara, na miti mingi njiani huendelea kuyapunguza nguvu mawimbi. Kwa hali hiyo, ushauri wa jirani husaidia, lakini haumalizi kazi. Kipimo cha kweli ni kile kinachofanyika ndani ya nyumba itakayowekwa ruta.

Upimaji hauhitaji fundi. Chukua simu yenye uwezo wa 4G na laini za kampuni mbili au tatu, ukiazima kwa ndugu au majirani ikibidi. Katika simu nyingi za Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya laini, na utaona nguvu ya mawimbi ikiwa imeandikwa kwa kipimo cha dBm. Namba hiyo huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, namba kama -85 ni nzuri, -95 hadi -100 inatosha kwa matumizi ya kawaida, na ikishuka kuelekea -115 huduma huwa ya kukatikakatika. Kila namba inaposhuka kwa 3, nguvu ya mawimbi hupungua karibu nusu. Tofauti ya kati ya dirisha moja na jingine inaweza kuwa kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Pima katika kila chumba, karibu na kila dirisha, na nje ya nyumba. Rudia kazi hiyo asubuhi na tena saa 2 usiku, wakati watumiaji wengi wapo mtandaoni. Mawimbi yanaweza kuwa na nguvu na bado kasi ikawa ndogo, kwa sababu mnara mmoja hugawanywa kwa watu wote waliounganishwa nao. Kwa hiyo, pamoja na kusoma nguvu ya mawimbi, pima pia kasi yenyewe kwa programu ya kupimia kasi, na andika matokeo ya kila kampuni kwenye karatasi. Kampuni yenye kasi nzuri usiku, katika chumba chako, ndiyo inayostahili laini ya ruta yako.

Angalia pia alama inayoonekana juu ya kioo cha simu. Ikiwa ni 3G au H pekee, hakikisha ruta unayonunua inatumia 3G pamoja na 4G. Ikiwa hakuna 5G mahali unapoishi, ruta ya 5G itafanya kazi kwa kiwango cha 4G, nawe utakuwa umelipia uwezo usioutumia.

Tahadhari kwa wakazi wa mpakani

Wakazi wa Rusumo, Kabanga na vijiji vilivyo kando ya mito Kagera na Ruvubu wanajua kwamba simu zao hupokea wakati mwingine mtandao wa nchi jirani. Mawimbi ya redio hayasimami kwenye mstari wa mpaka. Kwa simu, mwenyewe huona jina la mtandao likibadilika na kuchukua hatua. Ruta hukaa juu ya kabati, haina anayeitazama, na inaweza kuhamia mtandao wa ng'ambo bila mtu kutambua.

Matokeo yake huwa ya aina mbili. Ama intaneti hukatika kwa sababu kifurushi cha ndani hakitumiki katika mtandao wa nje, ama salio hukatwa kwa viwango vya huduma ya nje ya nchi. Suluhisho ni rahisi, na linapaswa kufanyika siku ya kwanza. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, zima matumizi ya data nje ya nchi, kisha badili uchaguzi wa mtandao kutoka wa kujiendesha na uchague kampuni yako kwa mkono. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama ruta hiyo inaruhusu mipangilio hiyo miwili. Kwa mkazi wa mpakani, uwezo huo una thamani kuliko antena ya ziada.

Lipo pia suala la kununua ruta upande wa pili wa mpaka kwa sababu ya bei. Bidhaa inayoingizwa nchini hupaswa kutolewa taarifa kwa maofisa wa forodha katika vituo vya huduma kwa pamoja vya Rusumo na Kabanga. Zaidi ya hapo, ruta nyingi zinazouzwa na kampuni za simu hufungwa ili zikubali laini za kampuni hizo tu. Ruta iliyofungwa kwa kampuni ya nchi jirani haitasoma laini ya Tanzania, hata ikiwa mpya na bora kiasi gani.

Kusoma maandishi ya kwenye boksi

Boksi la ruta huandikwa ili kuuza. Mnunuzi anahitaji kusoma mambo manne tu, na kuyaelewa.

La kwanza ni masafa. Mitandao ya 4G nchini hutumia masafa mbalimbali, yakiwemo ya megahezi 700, 800 na 1800. Masafa ya chini, yaani 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, jambo ambalo ni muhimu kwa vijiji vilivyotawanyika. Masafa ya juu hubeba data nyingi lakini huishiwa nguvu mapema. Katika vitabu vya maelekezo, masafa hayo huandikwa kwa namba: 28 kwa megahezi 700, 20 kwa megahezi 800 na 3 kwa megahezi 1800. Ruta zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani aghalabu hukosa baadhi ya namba hizo, na ndiyo sababu ruta iliyotumika na kuletwa kama zawadi kutoka ng'ambo inaweza kuwaka taa zote na bado isipate mtandao kijijini.

La pili ni kasi. Boksi likiandika 150 Mbps, hiyo ni kasi ya juu kabisa ambayo kifaa kinaweza kupokea katika mazingira bora, na si kasi utakayoipata. Kumbuka pia kwamba kasi hupimwa kwa biti, na ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, ambapo baiti moja ni biti nane. Kasi ya 10 Mbps hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la megabaiti 100 huchukua sekunde 80. Chukua mfano wa nyumba ambamo watu wawili wanatazama video za ubora wa juu zinazohitaji Mbps 5 kila moja, mmoja yupo katika kikao cha mtandaoni kinachohitaji Mbps 3, na mwingine anajaza fomu kwa Mbps 2. Jumla ni Mbps 15. Ruta ya kawaida ya Mbps 150 inatosha kwa nyumba hiyo. Kinachoweza kupungua ni kile kinachotoka mnarani.

La tatu ni masafa ya Wi-Fi, ambayo ni tofauti na masafa ya mnara. Ruta nyingi hutangaza Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ya gigahezi 5, au zote mbili. Ile ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta za tofali za kuchoma vizuri zaidi. Ile ya 5 ina kasi kubwa, lakini hufaa zaidi katika chumba kilekile ilimo ruta. Ruta yenye zote mbili humpa mtumiaji uhuru wa kuchagua.

La nne ni tundu la antena ya nje. Kwa nyumba iliyo bondeni au mbali na mnara, hiki ndicho kigezo cha kupewa uzito kuliko vyote. Ruta yenye matundu ya antena huweza kuunganishwa na antena iliyofungwa juu ya paa na kuelekezwa mnarani, jambo ambalo ruta isiyo na matundu haiwezi kufanya hata ikiwa ya bei ya juu.

Hakikisha kifaa na laini vinatambulika kisheria

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake inataka vifaa vya mawasiliano vithibitishwe ubora na TCRA kabla ya kutumika nchini, na wanaoviingiza, kuviuza na kuvifunga wawe na leseni. Muulize muuzaji leseni yake bila kusita, na udai risiti ya kielektroniki yenye jina la duka, aina ya ruta na tarehe. Bila risiti, dhamana ya kifaa haina pa kushikia.

Ruta ya laini ina namba tambulishi ya tarakimu 15, kama ilivyo kwa simu ya mkononi. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi, chini ya ruta na katika ukurasa wa mipangilio. Zote tatu zinapaswa kulingana. Ikiwa zinatofautiana, rudisha kifaa hapo hapo. Wananchi wanakumbuka kwamba Juni 2016 Mamlaka ilizima simu zenye namba bandia, na walionunua bila kukagua ndio waliobaki na simu zisizofanya kazi.

Laini inayowekwa kwenye ruta nayo husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Usikubali kuuziwa ruta yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mwenye jina hilo anaweza kuifunga wakati wowote, nawe huwezi kudai salio wala kifurushi. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020 zimeweka ukomo wa idadi ya laini ambazo mtu mmoja anaweza kumiliki, hivyo piga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kabla ya kusajili ya ruta.

Mahali pa kuiweka, umeme na radi

Bati ni rafiki wa mvua na adui wa mawimbi. Nyumba iliyoezekwa kwa bati hupokea mawimbi zaidi kupitia madirisha na milango kuliko kupitia paa, na kwa hiyo ruta ya laini iwekwe karibu na dirisha linaloelekea mnarani, juu ya meza au kabati, mbali na jokofu, kioo kikubwa, tangi la maji na nondo za dirisha ikiwezekana. Vyumba vya mbali vikikosa Wi-Fi, ni bora kuvuta waya wa mtandao hadi kifaa cha pili cha kusambaza Wi-Fi kuliko kuihamisha ruta katikati ya nyumba, ambako haitapata mawimbi ya kugawa.

Kuhusu umeme, ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampia 1 hadi 2. Ruta ya wati 12 ikiwashwa saa 24 hutumia chini ya uniti 0.3 kwa siku. Umeme unapokatika, betri ndogo maalumu ya ruta yenye volti hizo hizo inaweza kuiwasha kwa saa kadhaa, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kukosa ombi lenye tarehe ya mwisho. Wanaotumia umeme wa jua wasiunganishe ruta moja kwa moja na betri ya volti 12, kwa sababu betri inayochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14 na inaweza kuiunguza ruta. Kitumike kifaa cha kudhibiti volti.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi. Mvua ya radi inapokaribia, chomoa waya wa umeme na pia waya wa antena ya nje. Antena iliyo juu ya paa ifungwe na fundi mwenye ujuzi na iwe na waya wa kupeleka umeme wa radi ardhini. Suala hili linahusu uhai wa watu walio ndani ya nyumba kabla ya kuhusu kifaa.

Kifurushi huisha wapi

Lalamiko la kawaida baada ya kufunga ruta ni kwamba kifurushi kinaisha haraka. Mara nyingi sababu ni kwamba simu na kompyuta huichukulia Wi-Fi kama intaneti isiyo na kikomo. Zikishaunganishwa, huanza kuhifadhi picha mtandaoni, kusasisha programu na kucheza video kwa ubora wa juu zenyewe. Katika mipangilio ya kila kifaa, weka alama kwamba Wi-Fi hiyo ni ya matumizi yenye kikomo.

Hesabu ya video ndiyo kubwa. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hutumia takriban gigabaiti 0.7, na ya ubora wa juu takriban gigabaiti 3. Familia inayotazama saa mbili kwa siku itatumia takriban gigabaiti 42 kwa siku 30 katika ubora wa kawaida, na takriban gigabaiti 180 katika ubora wa juu. Kabla ya kulipia kifurushi kinachoitwa cha bila kikomo, uliza kasi itakuwa ngapi baada ya kufikia kiwango fulani cha matumizi, na upate jibu kwa maandishi.

Linda ruta yako

Laini ikiwa kwa jina lako, kinachofanyika kupitia ruta yako kitaanza kufuatiliwa kwako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu uhalifu unaotendwa kwa kutumia mifumo ya kompyuta, na wachunguzi huanzia kwenye laini iliyotumika. Siku ya kwanza badili nywila zote mbili: ile ya kuunganisha Wi-Fi na ile ya kuingia katika mipangilio. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima uunganishaji wa kubonyeza kitufe, na sasisha programu endeshi ya ruta kila inapotolewa mpya. Wageni wapewe Wi-Fi yao tofauti, ambayo ruta nyingi huweza kuitengeneza.

Kumpa jirani nywila kwa hisani ni uamuzi wa mwenye nyumba, akijua wajibu unaobaki kwake. Kuwauzia majirani intaneti ni biashara, na biashara hiyo huhitaji leseni ya TCRA. Vijana wa Ngara na Biharamulo wanaoona fursa hiyo wanashauriwa kuuliza taratibu za leseni kabla ya kutandaza nyaya.

Pale huduma isipolingana na ahadi

Mnunuzi aliyepima mawimbi ana silaha moja kubwa, nayo ni kumbukumbu. Karatasi yenye kasi ya siku ya kwanza, risiti, namba tambulishi na maelezo ya kifurushi ndiyo msingi wa malalamiko yanayosikilizwa. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma, ambaye anapaswa kumpa mteja namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Asiporidhika, mwananchi anaweza kulifikisha TCRA, ambayo kwa Kagera huhudumiwa na ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza. Anaweza pia kupata ushauri kutoka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC). Kwa kifaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye dhamana ya kushughulikia bidhaa za namna hiyo.

Kwa ufupi, mwananchi anashauriwa kufuata mpangilio huu: pima mawimbi na kasi nyumbani kwa siku mbili au tatu, chagua kampuni kwa matokeo hayo, kagua namba za masafa, tundu la antena na namba tambulishi dukani, sajili laini kwa jina lako, zima matumizi ya nje ya nchi ikiwa unaishi karibu na mpaka, na omba muuzaji akubali kwa maandishi kuipokea ruta tena ndani ya siku chache ikishindwa kupata mtandao nyumbani kwako. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakuwa na sababu ya kukataa.